Pale Nilipoandika Hapana Watu

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya barabara mjini Musoma nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu barua yangu ilisema nitaripoti ofisini. Injinia wa Mkoa, mzee mfupi asiyepoteza maneno, aliviangalia viatu kwanza, mimi baadaye. Akanikabidhi futi kamba, saa ya kupimia mbio na ndoo ya chokaa, akaniambia nipande gari na Mkaguzi wa Barabara. Jioni nilirudi nyumbani Kigera pekupeku, viatu mkononi. Mama yangu alicheka hadi akakaa chini.

Ninyi mnaoendesha magari siku hizi mnadhani namba ya kwenye kibao huokotwa tu, kwamba mtu aliamka akapenda hamsini. Sivyo. Tulichora mistari miwili ya chokaa kukatiza lami, mita mia moja kutoka mmoja hadi mwingine. Gari likikanyaga mstari wa kwanza unabonyeza saa, likikanyaga wa pili unabonyeza tena. Sekunde nne na nusu, gari hilo linakwenda themanini kwa saa. Sekunde saba na kidogo, ni hamsini. Baadaye zilikuja mashine, zile zile ambazo mikononi mwa trafiki mnaziita tochi, lakini mimi mkono wangu ulizoea saa.

Shida ilikuwa madereva wenyewe. Wakiona mtu wa reflekta kando ya barabara wanawashiana taa, na kila gari linapita kwa adabu kama linakwenda kanisani. Mkaguzi alinivua reflekta siku hiyo hiyo, akanikalisha karibu na mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma. "Dereva akijua anapimwa anakuwaga malaika," aliniambia. "Sisi tunataka kumpima akiwa yeye." Nikapima, na katikati ya kupima nikauza mahindi, maana wateja walinikuta pale na hawakutaka maelezo.

Ukishapata magari mia, unayapanga kutoka la polepole hadi la mbio, kisha unahesabu mpaka la themanini na tano. Mwendo wa gari hilo ndio tuliouita mwendo wa wengi. Waliobaki juu yake ni wale ambao hata mama zao hawawawezi. Halafu unaiacha saa na kutumia macho: nyumba ziko wapi, shule, zahanati, kona, na umbali wa kuona, yaani dereva akikiona kitu barabarani ana nafasi gani ya kusimama kabla hajakifikia. Hapo ndipo unaandika mapendekezo yako, kibao cha duara chenye ukingo mwekundu kianzie wapi, na kile cha kuifuta amri hiyo kikae wapi. Mkaguzi alikuwa na msemo wake: kibao cha uongo kinaua vibao vya kweli. Ukimwekea dereva hamsini porini, mahali asipoona mtu wala nyumba, atakidharau hicho, na kesho atadharau cha mbele ya shule. Nililishika somo hilo kuliko yote. Ndilo lililoniponza.

Nilihamishiwa Bunda, nikapanga chumba Kabasa, na kwa miaka ile nikawa na jina. Niliweza kukaa nimeipa barabara mgongo, nikasikia mlio wa matairi, nikataja mwendo, na saa ikanikubali. Sijivuni. Au najivuna kidogo, kazi niliijua.

Ndipo ikajengwa lami mpya upande wa Butiama, nikatumwa kupendekeza vibao. Ilikuwa masika, kila kitu kijani. Kwenye mteremko mmoja nilikaa siku tatu. Hapakuwa na mlango hata mmoja uliotazama barabara. Miji ya watu, yaani nyumba na mazizi yao, ilikuwa juu kwenye mawe, nyuma ya ua wa minyaa, huoni hata bati. Magari yalipita themanini, na sikuona kiumbe akivuka isipokuwa mbwa. Niliandika kwenye fomu kwa mwandiko wangu mzuri: Hapana makazi. Hapana wavukao. Injinia alisaini, mteremko ukabaki bila kibao.

Kiangazi kikaingia. Chini ya ule mteremko, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na lambo. Wakati wa masika ng'ombe wa kule juu hunywa kwenye madimbwi ya nyumbani, lakini yakikauka mlima mzima hushuka lamboni kila alasiri. Fuso lilitokea juu ya mwinuko likawakuta barabarani. Liliua ng'ombe wawili wa jembe, likamvunja nyonga Mama Wakuru, mjane aliyekuwa nyuma akiswaga. Dereva hakuwa amezidisha mwendo, wala hakuwa amelewa. Hapakuwa na kitu cha kumwambia apunguze. Askari walipokuja ofisini kuomba fomu ya eneo lile, mimi ndiye niliyewatolea kabatini.

Nataka mnielewe hapa. Sikuwa mgeni. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na kila kiangazi cha utoto wangu niliwafuata kwenda majini. Nilijua ng'ombe hunywa wapi na lini. Siku zile tatu nilikuwa na saa mkononi, nikaacha kujua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nilimfuata Mama Wakuru wodini. Alikuwa amelala chali, mguu umevutwa kwa uzito. Nikajitambulisha na kumtajia kazi yangu; fomu askari walikuwa wameshamsomea.

"We ndo uliandikaga huku kwetu hapana watu?" aliniuliza.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha utaombaga kwa Mungu," akasema. "Mimi nataka kibao. Wajukuu wangu wanashuka kesho."

Nilirudi mteremkoni siku iliyofuata. Shemeji zake walikuwa wameshaanza kutandaza matawi ya miti kwenye lami kila alasiri, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika. Madereva walisoma matawi yale, wakadhani kuna gari bovu mbele, wakapunguza. Nilikaa wiki nzima na saa yangu. Hakuna kibao changu kilichowahi kutiiwa vile.

Nilimpelekea Injinia wa Mkoa vipimo hivyo. Alisema matawi yaondolewe, ni hatari, na hapo alikuwa na haki. Kisha akasema mwongozo hautambui hamsini mahali pasipo nyumba, na faili la ajali lilishafungwa kwa jina la dereva. "Ukilifungua," aliniambia, "jina linalofuata ni lako." Mwezi ule jina langu lilikuwa limepelekwa juu ili niwe Fundi Sanifu Mkuu, naye ndiye aliyelipeleka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananikinga.

Niliandika barua ya nusu ukurasa. Uchunguzi wa kwanza ulifanyika masika peke yake, ulikosea, na aliyeufanya ni mimi. Aliisoma mara mbili.

"Hii haifutiki, mama," akasema.

"Ndiyo, mkubwa. Ndiyo maana nimeiandika."

Akasaini. Cheo kilikwenda kwa mwenzangu, nikakisubiri kwa miaka, na iliniuma, siwadanganyi. Lakini kibao kilisimikwa, pamoja na cha pembetatu chenye picha ya ng'ombe, na mistari minene ya kutikisa gari kabla ya mwinuko. Mama Wakuru alikuja na fimbo yake kukikagua. Aliniuliza swali moja tu, dereva atakiona akiwa wapi. Nikamtembeza polepole mpaka pale. Aliporidhika akageuka akaenda zake.

Tangu siku hiyo sikukubali fomu yoyote iliyopimwa msimu mmoja. Fundi akirudi kutoka kijijini nilimuuliza kwanza ng'ombe wanakunywa wapi, ndipo niitazame saa yake. Vijana wa ofisini wakanibatiza Bibi Lambo, wakidhani sisikii. Nilistaafu na jina hilo, na silichukii.

Masika iliyopita mwanangu Neema alinipeleka Butiama kwenye msiba. Tulipofika mteremkoni alikanyaga breki akasonya. Nje hapakuwa na mtu, nyumba, wala ng'ombe, majani tu na mvua.

"Mama, ona hii hamsini," alisema. "Hapa hapana watu. Sijui aliyeiweka alikuwaga anaangalia nini."

Nikamwambia aendelee hivyo hivyo polepole, kwa sababu niliyeiweka ni mimi, na mara ya kwanza nilipoangalia hapa niliona hayo hayo anayoyaona yeye.