Nimemtandikia mkwe kitanda changu, yeye kakodi hoteli

Admin, naomba ufiche jina langu na majina ya wanangu, maana Waswahili wa huku Stockholm tunajuana hata kwa kicheko.

Kwanza salamu. Admin hujambo, na mama watoto wako, na watoto. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, nimeshaitikia marahaba kabla hamjaniamkia. Kina mama mnaosoma kazini mmejificha chooni, poleni na majukumu. Sisi huku Rågsved, pembezoni mwa jiji, tu wazima. Binti yangu mdogo, nimwite Tumaini, hajambo, yuko shule. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani, naye hajambo ila goti. Hata maua yangu ya dirishani hayajambo. Ni moyo wangu tu ndio mgonjwa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mjane, nafanya kazi ya usafi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Binti yangu mkubwa, nimwite Neema, yuko Mwanza, ameolewa na kijana wa Musoma. Harusi yao sikwenda, nilikuwa nimelazwa. Mkwe namjua kwa simu tu, na mjukuu wangu Amani sijawahi kumbeba hata siku moja. Sasa wamepata viza, wanakuja wiki moja. Wiki moja tu jamani!

Nikajipanga. Nyumba yangu ni chumba kimoja, sebule na bafu moja. Nikasema wao watalala chumbani kwangu, mimi na Tumaini tutabanana sebuleni. Nikanunua shuka mpya, nikaazima kitanda cha mtoto kwa Mama Furaha, majaketi ya baridi nikayakusanya kwa wenzangu wa kanisani, na mtu wa kutupeleka uwanja wa ndege nikampata. Nilipomaliza nikapiga picha kitanda changu, mito miwili, taulo zimekunjwa juu yake, nikaituma kwenye grupu la familia. Nikaandika: "Mkwe wangu, hapa ndipo mtakapolala, jisikieni nyumbani."

Hakuna aliyejibu, hata kidole gumba.

Kesho yake Neema akapiga. "Mama, usihangaike na chumba. Baba Amani ameshakodi hoteli."

"Hoteli ya nini?"

"Ya kulala, mama. Ipo mjini, karibu na stesheni kuu."

"Neema, mimi mama yako nina nyumba, wewe ukalale hotelini kama mtalii?"

"Naomba usikasirike. Yeye ndiye anasema hawezi kulala hapo."

"Hawezi kwa nini? Hapa pana kunguni?"

"Mama... wewe elewa tu."

Sikuelewa. Niliangalia kochi langu lililochakaa, pazia langu, nikaona basi, mkwe msomi wa benki ameiona picha akatudharau. Uchungu ukanipanda. Nikashika simu nikarekodi sauti humo humo kwenye grupu: "Baba Amani, kama nyumba ya mama mkwe wako ni finyu kwako, baki huko huko. Niletee mwanangu na mjukuu wangu, wewe si lazima."

Tumaini alikuwa anakula, kijiko kikabaki hewani. "Lugna dig, mamma!" Yaani nitulie. Nikamwambia tulia wewe.

Sasa kwenye grupu lile yumo na mama mzazi wa Baba Amani. Hakunitukana, bora angenitukana. Alijibu polepole, sauti ya mtu mzima: "Mama Neema, habari za huko. Mwanangu hajaidharau nyumba yako. Kwetu mkwe halali kitanda cha mama mkwe, wala hawachangii bafu. Ile picha aliiona akakosa hata cha kujibu. Hoteli aliitafuta ili akuheshimu. Tusameheane, dada yangu."

Jamani, aibu! Kwani mambo hayo mageni kwangu? Marehemu mume wangu, tukienda kwa mama yangu Morogoro, alikula na sisi, alicheka na sisi, ikifika saa ya kulala anakwenda kwa jirani. Miaka yote! Nimekaa huku mpaka nimesahau.

Nilipomweleza Mama Furaha alicheka mpaka akashika goti lake. "Weye mama! Mkwe anatoka kwa bafu na taulo, weye unangoja kwa mlango na kanga? Mungu wangu! Ulaya imekukula akili." Alipomaliza kunicheka akanikumbusha chumba cha wageni cha jengo letu, pale chini karibu na chumba cha kufulia, ambacho wapangaji tunaruhusiwa kukikodi wageni wetu wakija. Kina kitanda na bafu lake. Mlango ule naupita kila nikibeba nguo chafu, sikuwahi kuuwazia. Nimekiomba, nimekipata. Walale chini, wapande juu kula. Heshima ipo, na mjukuu wangu namfuata asubuhi na kandambili.

Lakini mkwe amesema haji tena. Hata hakufoka, na hilo ndilo linaloniua. Alimwambia Neema, "Mwambie mama sitaki kuwa sababu ya ugomvi. Nenda wewe na mtoto." Neema naye kanijibu, "Mama, ukimkataa yeye umenikataa na mimi. Hatuji." Na ndege yao ni Jumamosi hii.

Tumaini anasema nimpigie tu niseme samahani, yaishe. Mama Furaha anasema mama mkwe hampigii mkwe simu kumbembeleza, atazidi kuona haya, nimtume mshenga wao. Mimi nawaza nirekodi sauti tena kwenye grupu lile lile, kwa kuwa wote walinisikia nikimtukana, basi wote wanisikie nikiomba radhi. Ila kila nikirekodi, nafuta kabla sijatuma.

Ndugu zangu, hasa nyie mnaojua mila za kule Musoma, nishike njia ipi? Nijibuni upesi, hata kwa neno moja, Jumamosi si mbali. Kitanda cha mtoto nimeshakishusha chumba cha chini, nimekitandika. Kilichobaki ni mtoto.