Mchawi Asiyeweza Kukataa Akiitwa

Fundi alitengeneza saa katika chumba kidogo kwenye jengo la zamani. Sikio lake la kushoto lilikufa utotoni, baada ya homa kali. Ukimsemesha upande huo, unajichosha bure.

Jumapili moja mchana alikwenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa na mchezo wa mezani, wa kete na nchi za kufikirika, ambapo kila mchezaji huunda mhusika wake. Fundi akachagua mchawi.

"Uchawi sebuleni kwangu," dada mtu alisema huku akimenya chungwa. "Majirani wakisikia, tumehama."

Shemeji akaeleza kwamba mchawi huanza na kipaji kimoja na kasoro moja. Kwenye kipaji Fundi hakusita: alitaka sikio la mbali, linalosikia hata nyuma ya ukuta. Kwenye kasoro alizunguka weee. Woga hakuutaka, wala ulafi. Mwishowe akasema, "Basi awe hawezi kukataa akiitwa."

"Hiyo mbaya, shemeji. Hutajua anayekuita ni nani," mume wa dada akamwonya.

"Si mchezo tu?"

Jumanne, mchana kweupe, alikuwa ameinamia saa ya mteja aliposikia mtu akisema, "Fundi." Ilikuwa sauti ya kike, ya chini, isiyo na haraka. Akageukia kulia kama alivyozoea. Hapakuwa na mtu. Ikaja tena, na nywele zikamsimama, maana ilikuwa inaingilia sikio la kushoto. Akaliziba lile zima kwa kidole. Sauti haikupungua.

Ilitoka ukutani, upande wa stoo ya mwenye nyumba. Fundi alijiambia aendelee na kazi, lakini miguu ilishasimama. Akamfuata mwenye nyumba, akamdanganya kwamba ananusa moshi stoo.

Walipofungua, walimkuta nyuma ya maboksi mama mzazi wa mwenye nyumba, kabati limemwangukia, macho wazi, midomo imekauka. Mwanawe alidhani yuko kwa dada yake. Walimtoa akiwa hai.

"Ameniita," Fundi alisema kabla hajajizuia.

Mwenye nyumba akamtazama. "Mama? Kiharusi kilimpokonya sauti mwaka juzi. Hata kuguna haguni."

Daktari alimulika sikio la kushoto la Fundi, akasema ni bovu vilevile. Jumapili iliyofuata shemeji alijitolea kuibadilisha kasoro ya mchawi. Fundi akamwambia aiache, ila siku hiyo hakugusa kete.

Yule bibi wa stoo alipopata nafuu, Fundi alikwenda kumjulia hali. Alimkuta peke yake, ameegemea mito.

"Shikamoo, mama."

Midomo ya bibi haikusogea. Alinyoosha mkono, akamshika Fundi kidevu, akamgeuza uso taratibu mpaka sikio la kushoto likamwelekea.

"Marahaba, mwanangu," Fundi akasikia. "Vuta kiti."

Akavuta kiti, akakaa.