Glavu Mbili za Mtoto Mmoja

Mimi si mtu wa michezo. Niseme mapema, asije mtu akadhani nimekulia viwanjani. Mchezo wa mwisho niliocheza kwa moyo wote ulikuwa rede, kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo letu la Al Muraqqabat, nikiwa na miaka kumi, na niliacha siku mpira wangu ulipovunja kioo cha teksi. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia anataka kucheza besiboli, nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama ana maana ya kriketi, ambayo huku Dubai huwezi kukosa kuiona penye uwazi wowote. Akasema hapana, besiboli, akanitazama kama mtu anayengoja kukataliwa.

Sikumkatalia. Tulikuwa tumehama Al Muraqqabat kwenda Al Qusais miezi minne nyuma, kwenye shule mpya, na katika miezi hiyo mtoto wa miaka tisa aliyekuwa hanyamazi aligeuka kuwa mtoto wa "ndiyo mama" na "sawa mama". Jioni nikimuuliza leo umecheza na nani, ananitajia mwalimu. Halafu siku moja watu wa timu moja ya watoto walikwenda shuleni kuwaonyesha mchezo wao, na yeye akarudi nyumbani anazungumza toka mlangoni. Timu ilikuwa na nafasi kumi na mbili. Wanaotaka wangefanya mazoezi Jumamosi tano asubuhi, kila mmoja na glavu yake, na Jumamosi ya tano kocha angechagua. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichoniomba tangu tuhame. Niliapa moyoni kwamba atakuwa mmoja wa wale kumi na wawili, hata ikinibidi nijifunze mchezo mzima mwenyewe.

Kwa asiyejua, kama nilivyokuwa sijui mimi: glavu ya besiboli ni moja, si jozi. Ni mkono mkubwa wa ngozi nene, unavaliwa upande mmoja kwa ajili ya kudakia, na mkono wa pili unabaki mtupu kwa ajili ya kutupia. Anayetupa kwa kulia huvaa glavu kushoto, na anayetupa kwa kushoto huvaa kulia. Dada wa Kihindi aliyekuwa akiuza pale dukani alinieleza hayo kwa subira, kisha akauliza mtoto anatupa kwa mkono gani.

"Kulia," nikasema.

Alikuwa hata hajamaliza swali. Binti yangu alikuwa amekwisha kuchukua glavu moja rafuni na kuitia mkono wake wa kulia, anaifungua na kuifunga. Nikamvua. Nikamwambia hiyo siyo, nikamvisha nyingine mkono wa kushoto, naye akasema sawa mama. Nakumbuka nilijiona hodari kwa jinsi nilivyoelewa haraka.

Glavu mpya haitumiki siku ileile. Ngozi yake ni ngumu, mtoto hawezi kuikunja, na mpira ukiingia unaruka nje. Inabidi ilainishwe pole pole na kufanyiwa mfuko katikati, mahali pa mpira kukaa. Dukani walitupa chupa ya mafuta na karatasi ya maelezo. Jirani yetu mmoja akashauri tuiache ndani ya gari juani. Mama yangu, anayeishi nasi, aliposikia hayo alisema huyo jirani anataka kuikaanga, akaichukua glavu na kwenda nayo chumbani kwake.

Mama ni binti wa fundi makubadhi wa Unguja. Kabla familia haijaja huku alikuwa akimsaidia baba yake kulainisha ngozi, na mpaka leo hawezi kupita duka la viatu bila kukunja soli ya kiatu cha watu. Aliinusa glavu, akaminya kidole chake cha mwisho, akatoa hukumu kwamba ngozi ni nzuri ila imekaushwa na kiyoyozi. Ile chupa ya duka aliiweka pembeni. Alitia matone ya mafuta ya nazi kwenye kitambaa, akapaka kidogo tu kwenye mikunjo, kwa sababu ukizidisha ngozi inakuwa nzito. Akauviringisha mchi wa kinu cha kutwangia thomu kwa taulo, akaanza kuipiga glavu katikati, taratibu, kila jioni baada ya alasiri. Akimaliza anaweka mpira ndani, anaifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, anaisukuma chini ya godoro la mjukuu wake. Baada ya wiki mbili ile glavu ilikuwa inajifunga yenyewe.

Na mtoto alikuwa anadaka. Jumamosi ya kwanza alidaka kwa glavu ya kuazima, ya pili kwa yake, na mpira ukija juu, chini au pembeni, mkono wa kushoto ulikuwa umeshafika. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja nikijivuna. Tatizo lilikuwa kutupa. Mpira ulitoka kwenye mkono wake wa kulia kama umechoka, ukaenda usikotarajiwa, mara nyingine nyuma yake. Watoto walicheka. Sikuwapenda wale watoto.

Mimi sijui kushindwa na kitu kidogo. Nilitazama video, nikajifunza bega linavyokaa na mguu unavyotangulia, na kila nilipotoka kazini Deira tulishuka kwenye maegesho, tukachora duara ukutani kwa chaki. Mitupo hamsini kila siku. Mpira uligonga mashine za viyoyozi, ukagonga kibanda cha mlinzi, duara ukaliacha. "Tena," nikamwambia. Akatupa tena. Hakulalamika hata mara moja, nami nikadhani huko ndiko kujituma. Nilimwambia mkono ni mazoezi tu, basi, khalas, utazoea. Siku moja aliniuliza kama mtu anaweza kuwa kwenye timu kwa kudaka peke yake. Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuna nusu ya mchezaji.

Jumamosi ya tatu mpira ulimpita ukaenda mpaka kwenye uzio. Akaukimbilia. Kocha, mzee wa Kifilipino asiyevua kofia yake, alikuwa mbali upande wa pili akimpigia kelele aharakishe, yalla, yalla. Nikamwona binti yangu anavua glavu na kuitupa majanini, anaokota mpira kwa mkono wa kushoto, anageuka na kuutupa. Mpira ulikata uwanja mzima ukaingia kwenye glavu ya kocha kwa kishindo, na yule mzee hakusogeza mguu.

Binti yangu hakumtazama kocha. Alinitazama mimi, kisha akauficha ule mkono nyuma ya mgongo.

Kocha alikuja mpaka kwenye kiti changu. "Madam," akasema, "mtoto wako ni mashoto. Kwa nini umemnunulia glavu ya watu wa kulia?"

Nilimjibu kwamba kwetu hakuna mashoto. Nilisema kwa sauti ambayo mpaka leo naionea haya. Akainua mabega, akanikumbusha kwamba zimebaki Jumamosi mbili, akarudi kwa watoto.

Kwenye gari sikuwasha injini. Nilimuuliza kama alikuwa akijua.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alifikiri kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Aliyeulizwa ni wewe, mama," akasema.

Nyumbani kwetu mkono wa kushoto una kazi yake moja, na si ya kutajwa mezani. Kula ni kwa kulia, kutoa kwa kulia, kupokea kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Hayo nimelelewa nayo, nayapenda, na nimemlea nayo. Lakini mimi sikuishia mezani. Akishika penseli kwa kushoto nilimhamishia. Akishika mkasi, mswaki, kichana, nilimhamishia, kwa upole, bila kofi, mara kumi kwa siku, mpaka nikasahau kwamba kuna kitu nahamisha. Dada wa duka aliponiuliza, nilijibu kwa niaba ya mtoto niliyemtengeneza mwenyewe.

Jioni ile mama alipoitoa glavu na kuanza kuifunga kwa kile kipande cha kanga, nilikitazama nikakumbuka kingine cha zamani. Nilikuwa na miaka sita. Mimi pia nilizaliwa mashoto. Mama alinifunga mkono ubavuni kwa kipande cha kanga kama kile, akaniwekea daftari, nikaandika kwa kulia huku machozi yakidondoka kwenye wino. Nilizoea, kweli. Mwandiko wangu mpaka leo ni wa kuku, na ofisini wananitania. Nilikuwa sijawahi kuliunganisha hilo na lolote.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, nikaosha vyombo vyote vya nyumba vikiwemo visafi. Halafu nikaamua. Glavu iliyokwisha kupakwa mafuta hairudishwi dukani, hivyo kesho yake nilikwenda kutafuta nyingine. Ya mashoto ilikuwa imebaki moja tu, kubwa namba moja zaidi, ngumu kama ubao. Zilibaki siku kumi na tatu kabla ya kocha kuchagua. Nikaichukua.

Niliiweka mezani mbele ya mama. Hakuhitaji kuambiwa; aliona kidole gumba kiko upande gani.

"Mimi nilikulea wewe ukakaa sawa," akasema. "Huyu mmoja anakushinda?"

"Hajanishinda, mama. Atakula kwa kulia, atapokea kwa kulia, watu atawapa mkono wa kulia. Hayo simwachii. Lakini mpira si chakula."

Aliisukuma glavu mpaka ukingoni mwa meza, akaenda kusali. Nikaona haidhuru. Nilipaka mafuta mwenyewe, nikaviringisha mchi mwenyewe, nikakaa sakafuni nikaanza kutwanga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na ngozi ilikuwa ikirudi palepale. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mlango wa chumba cha mama ukafunguliwa.

"Unaipiga mgongoni," akasema. "Wiki nzima nikusikilize unaharibu ngozi? Lete."

Akakaa. Alitafuta mkunjo kwa kidole, akaulainisha, akaanza kupiga pole pole kwa ule mdundo wake. Nilimshikia upande wa pili.

"Ulikuwa ukilia, wewe," akasema, macho yake kwenye kazi. "Nikikufunga."

"Nakumbuka."

"Niliogopa watu watakucheka."

Nikamwambia tu kwamba najua. Alipomaliza aliweka mpira ndani. Kipande cha kanga kilikuwa palepale karibu na goti lake, lakini aliinuka, akaenda kwenye rafu ya viatu, akachomoa kamba kwenye kiatu changu cha kutembelea, akaifunga glavu kwa kamba hiyo.

Glavu haimaliziki kwa mchi. Lazima idake, tena mara nyingi, kwa hiyo kila jioni tulikuwa maegeshoni, yeye na glavu yake kwenye mkono wa kulia, mimi namtupia; hata Jumamosi ya nne tulibaki hapohapo, maana ngozi ilikuwa bado ngumu. Sasa zamu ya aibu ilikuwa yangu. Mipira yangu ilikwenda kwa mlinzi. Ilikwenda chini ya magari. Binti yangu aliifuata, akaitupa kwa kushoto, ikanirudia moja kwa moja kifuani. Mpira wa nne ulipopotea nilimwomba radhi, naye akanijia, akanishika kifundo cha mkono.

"Mama," akasema, "hebu jaribu huo mwingine."

Nilitazama nyuma kama mtu anayetaka kuiba. Hakuna aliyekuwepo ila mlinzi. Nikauhamisha mpira mkono wa kushoto. Wa kwanza ulianguka miguuni pangu, wa pili ukaenda juu, wa tatu ukamfikia kwenye glavu bila yeye kuhama. Alicheka kwa nguvu, kile kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu Al Muraqqabat. Nikatupa mpaka bega likaniuma.

Jumamosi ya tano mama alisema atakuja, kupunga upepo tu. Alikaa kwenye kiti changu, nami nikasimama. Watoto walikuwa ishirini na kitu. Zamu ya binti yangu ilipofika, kocha aliupiga mpira chini kwa nguvu, ukaja ukirukaruka, naye akauzoa kwa ile glavu ambayo bado ilikuwa inamzidi kidogo. Mkono wa kushoto ukaingia, ukautoa mpira. Halafu akasimama. Kocha alimwambia atupe. Hakutupa. Alikuwa amegeuza uso kunitafuta, na nikaelewa kwamba anangoja ruhusa.

Niliunyanyua mkono wangu wa kushoto, juu kabisa, mbele ya wazazi wote na mbele ya mama yangu. Akatupa. Na wa pili akatupa, na wa tatu, na kocha akawa anaandika kwenye karatasi yake.

Jina lake lilisomwa la kumi na moja. Alitujia mbio, kofia imemwanguka, na mama akamnyooshea mkono kumpongeza. Mtoto alianza kumpa mkono wa kulia, akaona una glavu, akaivua haraka na kuibana kwapani, kisha akampa bibi yake mkono wa kulia mtupu, kama alivyofundishwa.

Mama aliushika, akaubusu. Hakuuachia.

"Na huo mwingine," akamwambia, "lete."