Kicheko Kilichotangulia

Shangazi yangu Djaouharia ana kicheko kisichomsikiliza yeye wala mtu mwingine. Humtoka kabla hajakiruhusu, na kikishamtoka hakirudi. Mwaka 1984, mjini Moroni, kicheko hicho nusura kimtie baba yangu mikononi mwa mamluki.

Kwanza nieleze alivyojikuta anaishi nyumba moja na mamluki, maana watu wakisikia hivyo humtazama kwa jicho baya, nami hukasirika. Hakuwafuata mamluki. Mamluki ndiye aliyemfuata. Djaouharia alikuwa akishona nguo na kumlea mtoto nyumbani kwa Latoifa, mwanamke aliyeachika na binti mmoja wa miaka mitano, Bahia. Nyumba ilikuwa ya Latoifa mwenyewe, amejengewa na baba yake, kama ilivyo desturi ya Ngazidja, kisiwa chenye mji wa Moroni: nyumba ni ya binti, na mume ndiye anayebeba sanduku lake kuhamia kwa mke. Basi Latoifa akaposwa na Mzungu mmoja katika wale askari wa kukodiwa walioishika nchi tangu 1978. Mzungu akasilimu, akapewa jina la Abdoulkarim, akaja na sanduku lake. Shangazi aliamka asubuhi akakuta buti mlangoni.

Kuondoka ghafla kungezua maswali, na maswali ndiyo aliyokuwa akiyakimbia. Yeye na kaka yake Inzoudine, ambaye ndiye baba yangu, walikulia Zanzibar, ambako babu yangu alikuwa mshona kofia. Walirudi visiwani kwetu mwaka 1975, na kwa sababu Inzoudine alikuwa na Kiswahili cha kunyooka, serikali ya wakati ule ikamchukua awe mkalimani wa wanajeshi wa Kitanzania waliokuja kufundisha. Mamluki walipoiangusha serikali hiyo, Watanzania walikwenda zao, na mkalimani akaanza kutafutwa. Alikimbilia Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, nyumbani kwa mama yao, katikati ya mji wa kale, akaingia chumba cha ndani na hakutoka tena. Majirani waliambiwa yuko Madagaska. Ilijulikana kuwa nyumba ile ni ya wanawake watupu, na ndivyo ilivyotakiwa iendelee kujulikana.

Kwa hiyo Djaouharia alimwambia Latoifa kwamba alizaliwa Mutsamudu na hajawahi kutoka nje ya visiwa hivi. Lugha ya mama yake ilimsaidia, maana akiongea ni Mutsamudu tupu, hata watu wa Moroni walimtania. Neno Zanzibar halikupita mdomoni mwake. Mtu aliyejulikana kutoka huko aliulizwa swali moja kabla ya mengine yote: ndugu zako wa kiume wako wapi?

Alasiri moja Abdoulkarim alirudi kutoka uwanja wa ndege na mkanda wa video ndani ya karatasi yake ya nailoni, haujafunguliwa. Rafiki yake wa Ulaya alikuwa amemtumia kwa ajili ya Bahia. Visiwa vyetu havikuwa na kituo cha televisheni wakati ule. Kulikuwa na seti chache na deki katika nyumba za wenye uwezo, na mkanda mpya ulikuwa jambo la kuitana. Umeme ulikuwepo. Latoifa akakaa kitini, Bahia akakaa mbele kabisa, na Djaouharia akabaki kwenye mkeka na gauni alilokuwa akilipinda upindo.

Katuni ikaanza. Kulikuwa na kibuzi kidogo kilichoanguka kutoka kwenye mkokoteni, kikawa kinatafuta njia ya kurudi kwa mama yake. Hapakuwa na maneno, muziki tu. Shangazi anasema gauni lilimteleza magotini. Ilikuwa katuni ile ile aliyokuwa akiiona Zanzibar akiwa na miaka minane, katika ukumbi wa mtaa wenye televisheni ya rangi, watoto wamejaa chini na babu yangu ameketi nyuma yake, magoti yake ndiyo kiegemeo. Babu alifariki mwaka ule ule waliorudi. Kwa muda mfupi Djaouharia hakuwa Moroni. Alisahau buti mlangoni, alisahau uongo wote aliokuwa ameupanga vizuri kama nguo kabatini.

Kwenye skrini akatokea bata bukini mnene aliyevaa kofia ya polisi. Bata akainua filimbi. Djaouharia alijua kitakachofuata: bata atapuliza mpaka kofia iruke, ipae, imshukie kichwani ikiwa imejaa maji ya mfereji. Akacheka. Akacheka kwa sauti, huku bata hajapuliza.

Kisha bata akapuliza, kofia ikaruka, maji yakamwagika, na Bahia na mama yake wakacheka. Abdoulkarim hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni akimtazama yaya.

Kazi yake kambini, kwa mujibu wa Latoifa, ilikuwa kuwahoji watu. Nadhani alikuwa hodari, kwa sababu hakupandisha sauti. Alimuuliza Djaouharia kama amewahi kuiona katuni hii. Djaouharia akajibu kwamba hajawahi. Mzungu akaja mpaka katikati ya chumba, akasema kwa Kikomoro chake cha kuvunjikavunjika:

"Visiwa hivi havina televisheni. Umeionea wapi?"

Djaouharia akasema amecheka kwa sababu ya mashavu ya bata, yalivyovimba kabla ya kupuliza. Yalimkumbusha mwalimu wake wa chuo cha Kurani. Jibu halikuwa baya kwa mtu aliyeshtukizwa. Latoifa alianza kusema kwamba yaya wake hajawahi hata kuvuka bahari ila kuja Moroni. Abdoulkarim akamnyamazisha kwa kiganja. Akavuta kiti, akakiweka kando ya televisheni, akaipa skrini mgongo na kumwelekea shangazi uso kwa uso.

"Angalia," akasema. "Mimi niliiona utotoni. Naijua kwa muziki tu."

Ndipo Djaouharia alipoelewa kwamba anapimwa. Huyu bwana atasikia muziki, atajua kinachotokea nyuma yake, na atausoma uso wa mwanamke anayekiona. Uso ukitangulia hata kidogo, kaka yake amekwisha.

Akaamua kumfuata Bahia. Mtoto akicheka, yeye acheke baada yake. Mtoto akishtuka, ashtuke baada yake. Hebu fikiria kazi hiyo. Unaangalia kitu ulichokipenda kuliko vyote duniani, unajua kila mbwa anayejificha chini ya kila gari, na unauamrisha uso wako uwe mjinga. Shangazi anasema aliogopa mpaka meno yakamuuma, na wakati huo huo alikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyomtisha zaidi, kwa sababu hofu aliizoea na kuificha alijua. Alijichoma sindano makusudi pale mwanamke mmoja wa katuni, mwenye mwavuli, alipotokea, ili asitabasamu mapema. Damu ikaingia kwenye upindo wa gauni. Akaifunika kwa kidole gumba.

Abdoulkarim hakupepesa macho. Latoifa alikuwa ameacha kuangalia katuni. Alikuwa akiwatazama wao wawili, mmoja baada ya mwingine.

Kibuzi kikafika mtoni. Daraja limevunjika, maji yamejaa, na ng'ambo kuna nyumba yenye taa dirishani. Hapo Djaouharia akapata nafuu kidogo, maana ilibaki sehemu moja tu: kibuzi kitaruka jiwe hadi jiwe, kitavuka, mlango utafunguka na mama atatoka. Akauandaa uso. Ataonyesha wasiwasi, kisha ataonyesha faraja, naye atakuwa amevuka.

Taa ya dirishani ikazimika. Kibuzi kikasimama ukingoni. Kikasubiri, kikainamisha kichwa, kikageuka na kurudi kilikotoka, kikizidi kuwa kidogo, mpaka kikawa nukta. Muziki ukakoma.

Djaouharia akabaki mdomo wazi.

"Na mama yake?" akauliza. Hakujua anamuuliza nani. "Mama yake je?"

Akalia. Hakuwa akiigiza, wala hakuwa na nguvu iliyobaki ya kuigiza. Bahia, aliyekuwa ametulia vizuri, akaona mtu mzima analia, naye akaangua kilio. Mzungu alimtazama shangazi muda mrefu. Alikuwa ameshahoji watu wengi na aliujua uso wa mtu aliyepatwa na jambo asilolitegemea. Akamwambia mkewe kwa Kifaransa kwamba huyu hajawahi kuiona, akachukua kofia yake na kurudi kambini.

Na kweli mwisho ule hakuwahi kuuona. Pale pale kwenye mkeka, machozi hayajakauka, Djaouharia alipata maana yake. Katuni ile Zanzibar ilionyeshwa jioni, mara nyingi, saa ile ile. Adhana ya Magharibi ilikuwa ikilia kibuzi kikiwa bado njiani kuelekea mtoni, na babu yangu hakuwa mtu wa kuchelewa msikiti kwa ajili ya mbuzi. Aliwashika watoto wake mkono na kuondoka. Njiani aliwasimulia iliyobaki: daraja, taa, mawe, mlango, mama. Alisimulia vizuri kiasi kwamba Djaouharia aliamini ameyaona kwa macho yake.

Latoifa alimtuma Bahia akanawe uso. Walipobaki wawili akasema, bila kumwangalia:

"Ulicheka kabla ya bata. Mimi nilikuona."

Latoifa akaendelea kwamba hataki kuambiwa kitu. Nyumba hii ni yake, akasema, na yeye anaweza kumtolea mume yeyote sanduku lake barazani, lakini kumzuia huyu asiulize tena kesho hawezi. Basi itasemwa kwamba mama yake Djaouharia ameugua, huko Mutsamudu, na habari zimefika leo. Akampa kanga mbili na nauli ya meli, akamshika mikono kidogo. Mimi Latoifa sikuwahi kukutana naye, lakini nampenda.

Mutsamudu, nyumbani kwa mama yao, Djaouharia aliingia chumba cha ndani, akafunga mlango na kumsimulia kaka yake yote. Baba yangu alikuwa amekonda, na ngozi imefifia kwa kukosa jua. Aliposikia habari za bata alicheka akiwa amejibana mto usoni kwa mikono miwili, kwa sababu kicheko cha mwanamume hakikutakiwa kusikika katika nyumba ya wanawake. Djaouharia alipomwona anacheka hivyo, mabega yanatikisika na sauti haitoki, akashindwa kumaliza. Alinyamaza pale pale kibuzi kilipofika mtoni.

Inzoudine akautoa mto. Akauliza kibuzi kilivuka au hakikuvuka.

"Kilivuka, kaka," akasema Djaouharia. "Mama yake akafungua mlango."

Baba akamtazama.

"Hayo ni ya Baba," akasema. "Mimi siku moja nilitoroka msikitini nikarudi ukumbini kuchungulia dirishani. Najua tangu zamani kinarudi kilikotoka."

Djaouharia alihisi hasira, kali kweli, ya mtu aliyefichwa jambo miaka kumi na ndugu yake mwenyewe. Akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ulikuwa ukilala vizuri," akasema Inzoudine.

Kisha akamwomba apunguze sauti, kwa kuwa jirani alikuwa uani akianika nguo.