Kigelegele Changu Kilipoita Mabata Bukini

Nikiri mapema tusisumbuane: yule mwanamke wa gauni la zambarau kwenye video, anayelia kama bata bukini harusini, ni mimi, na wala haikunitoka kwa bahati mbaya, nilijifunza kwa bidii.

Chanzo ni wivu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikamlea mdogo wangu Zawadi mpaka tukafika London, na siku zote nilijua kwamba akiolewa, mimi ndiye nitakayesimama mahali pa mama. Kumbe mchumba wake ana shangazi huko mtaa wa Lewisham, Shangazi Neema, bingwa wa vigelegele, na nyumbani wimbo wa Zawadi ukawa ni "Mama Neema kasema hivi, Mama Neema kapika vile." Mama! (Mimi niliyemsuka nywele tangu ana miaka mitano ni Dada tu.)

Na mimi kigelegele sikijui. Umri wa kujifunza ulinikuta na msiba. Shangazi Neema akaligundua hilo kwenye kikao cha harusi, akaniambia mbele za watu, "Njoo kwangu Jumamosi mwanangu nikufundishe, ni ulimi tu."

"Asante Shangazi, najua," nikajibu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kazini namtunza mzee wa Kiingereza, Mzee Arthur, aliyewinda mabata bukini ujanani na bado anaweza kuwaita kwa mdomo mtupu. Nikajiambia koo ni koo, nikishapata sauti, kuchezesha ulimi kutakuja kwenyewe, nikamwomba anifundishe.

"Usipulize kama unapoza chai," alinikaripia. "Hewa itoke tumboni. Bana koo. Ulimi ugande kaakaani, halafu uachie ghafla!"

Basi kila akimaliza kunywa dawa, tunaanza, yeye analia, mimi nalia (jirani wa juu anagonga sakafu kwa ufagio), mpaka siku moja akanipigia makofi. "Umeiva," akasema. Nikajiona nimemaliza chuo.

Harusi ikafika. Baada ya kanisa tukaenda kupiga picha bustanini, kando ya bwawa, na nikamkuta Shangazi Neema kamshika Zawadi mkono, kasimama mahali pangu hasa, akaachia kigelegele kirefu mpaka wapita njia wakashangilia. Wivu ukanipanda mpaka kwenye masikio. Nikajaza hewa tumboni, nikabana koo, na ulimi, maskini, ukafanya ulichofundishwa.

"Hooo-ONK! Hooo-ONK!"

Mpiga picha akashusha kamera. "Dada," Zawadi akaninong'oneza, "tafadhali."

Kisha bwawa likajibu. Wakatoka majini mabata bukini kundi zima, shingo zimenyooka, wananijia mimi, mwenyeji wao. Nikataka kuwafukuza kwa kelele, lakini kwa hofu koo lilikuwa limeng'ang'ania somo la Mzee Arthur, kila nikipaza sauti ni honk, na wengine wanatoka majini. Mmoja akadaka shela ya bibi harusi. Shangazi Neema alimwachia Zawadi mkono, akavua viatu, akapanda benchi.

"Dada! Dada weee!" Zawadi akapiga yowe, akaja mbio kujificha nyuma yangu, akanikumbatia kiuno kama alivyokuwa akifanya zamani akiona mbwa wa jirani, na mimi nikawakabili wale ndege kwa mkoba wangu mpya mpaka wakarudi kwao.

"Mwanangu," Shangazi Neema akauliza kutoka juu ya benchi, "hicho ni kigelegele cha wapi?"

"Cha kwetu," nikasema, na watu wakaanguka kwa kicheko, Zawadi akiwa wa kwanza, wanja unamtiririka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Lewisham kwa miguu yangu mwenyewe, nikasema, "Shangazi, nifundishe." Sitajifunza tena kitu chochote kwa kukomoana. Video bado inazunguka mtandaoni, na watu wanacheka wakifika kwenye mabata. Mimi huirudisha nyuma kidogo, pale Zawadi anapolipita benchi la Shangazi bila hata kuliangalia, nikasikiliza jina analoliita.