Dakika Tatu za Kusubiri Kivuko

Nilihitaji dakika tatu za ukimya, basi. Sikuhitaji taa, jukwaa wala spika. Nilitaka mpiga ngoma wangu aondoe mikono kwenye ngozi anyamaze dakika tatu, na kwa wiki tano sikuzipata.

Nieleze kwanza, maana kazi yangu hudai maelezo kabla hata sijainua mguu. Ninacheza. Si ngoma ya unyago, si ya harusi, wala zile za kupokea wageni uwanja wa ndege. Natunga dansi zangu mwenyewe, mara nyingi za mtu mmoja, kutokana na mambo yaliyonikuta. Hii ilitokana na siku moja pale kivukoni Kilambo. Bibi, mzaa mama, alifariki ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mimi na mama tulifika mtoni asubuhi, maji yamekupwa, kivuko kimekaa juu ya mchanga. Maji yalipojaa ilikuwa alasiri, na bibi alikuwa ameshazikwa. Mama hakuwahi kuizungumzia siku ile. Nilitaka aione, na akishaiona, aseme neno.

Ukimya ndio ulikuwa kule kusubiri. Ngoma ingenifikisha mtoni, ingenyamaza, kisha ingenivusha.

Mpiga ngoma nilimwita mjomba, ingawa si wa damu. Ni mkulima wa korosho wa Likombe, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupulizia miti, alikuja mazoezini nguo zinanuka salfa. Kwa kupiga, hana mfano. Lakini kila tulipofika kwenye ukimya, sekunde kumi haziishi, kidole kimoja kinagonga. Kisha vyote.

"Mjomba, bado."

"Nimeona umesimama, mpwa wangu. Nikakusaidia."

"Kusimama ndiyo dansi yenyewe."

"Haya."

Tunarudia. Kidole kinagonga.

Nilimchorea mchangani kwa kijiti: hapa natembea, hapa nasubiri, hapa navuka. Nilimwekea saa ya simu mbele yake. Siku moja nikamwomba akalie mikono yake. Akacheka mpaka akakohoa. Wiki ya nne ndipo aliponiambia kinachomzuia, na nilijiona mjinga kwa kutomuuliza mapema.

"Sisi tukimnyamazia mchezaji yuko uwanjani, tumemkataa. Amekosea, atoke. Na mama yako atakuwa amekaa mbele pale. Nimkatae mwanawe machoni pake?"

Nikamwambia nitawaeleza watu kabla hatujaanza. Akanijibu kwamba maelezo huingia sikioni, aibu huingia tumboni. Nilitamani kuing'ata ile ngoma.

Onyesho lilikuwa Chikongola, ua wa nyuma wa nyumba ya wageni, baada ya swala ya alasiri. Nikawaeleza watu taratibu: mto, kivuko, ukimya. Mama alikuwa mstari wa mbele, kanga magotini. Mjomba akanipigia vizuri kuliko siku zote. Nikafika mtoni. Nikasimama.

Ngoma ikanyamaza.

Zilipita kama sekunde thelathini, nikamshukuru Mungu. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa. Nikatupa jicho pembeni: mjomba amebeba ngoma yake, anakwenda nayo karibu na jiko, anawasha makuti makavu. Akaanza kuipasha ngozi moto.

Nikamwelewa. Ngozi ikilegea, mpiga ngoma ana ruhusa ya kuipeleka motoni, na hakuna anayeaibika. Alikuwa amenipatia ukimya wenye heshima zake. Tatizo ni kwamba watazamaji nao wanaujua utaratibu huo. Ngoma ikienda motoni, kwao ni mapumziko. Wakaanza kuzungumza. Nilisikia habari za bei ya pweza. Nyuma, mwanamke mmoja akanihurumia: "Dada, pumzika nawe, ngoma inaota moto!"

Na ngozi haijui dakika tatu. Dakika ya nne nilikuwa nimemaliza kila mwendo niliouandaa. Ya tano nikabaki nimesimama tu, namtazama mjomba anaigeuza ngoma polepole, anaigonga kwa ukucha, anatikisa kichwa, anairudisha motoni. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

Ndipo mama aliposema, kwa sauti ile ile anayonirekebishia jikoni:

"Kaa chini, wewe. Siku ile hatukusimama. Tulikalia gunia la makopa la yule mama aliyekuwa akisubiri nasi, akatukaripia."

"Alitukaripia?" Hilo sikulikumbuka, na nikasahau kabisa kwamba nacheza.

"Si tulimvunjia mihogo yake yote! Alitutukana mpaka kivuko kikaelea. Nikawa nasema moyoni, bibi yako angekuwepo hapa angecheka mpaka akae chini." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Sikupata wa kumwambia."

Habari za pweza zikakatika. Nikakaa chini, pale pale kwenye mchanga.

Mjomba akarudi na ngoma yake. Akaigonga mara moja, ikalia vizuri, akaridhika. Akaniinamia.

"Mpwa wangu, ungeniambia tangu mwanzo kwamba ni kusubiri. Kusubiri nakujua."

Nilikuwa nimemwambia kwa wiki tano, kwa mdomo, kwa saa ya simu na kwa kijiti mchangani. Nikainuka. Akaanza kunivusha, na mama akasogeza kiti chake mbele kidogo.