Siku Mia na Sabini na Saba Kila Upande

Fundi Sounhadj alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Ukimpelekea cherehani iliyokwama, kwanza atataka kujua nani aliishonea mara ya mwisho, kitambaa gani, na siku hiyo mshonaji aliudhiwa na nani. Cherehani itapona, lakini wewe utarudi kwako umekwisha toa siri zote.

Alikuwa na karakana mbili na wake wawili. Moroni, mtaa wa Magoudjou, alikaa kwa Moinaidi. Mutsamudu, ng'ambo ya bahari kisiwani Nzwani, alikaa kwa Kamaria. Nyumba zote mbili ni za wanawake wenyewe, maana ndiyo desturi ya visiwa vile: mwanamume huoa akahamia kwa mke, na wakiachana hubeba sanduku lake akaenda zake. Kwa kuwa alimcha Mungu, Sounhadj aligawa siku zake sawasawa na kuziandika daftarini, asije akakosa jibu Kiyama.

Mwaka 1997 Nzwani ikajitangaza kuwa imejitenga na serikali ya Moroni, na mtu wa visiwa viwili akaamka mtu wa nchi mbili. Mwaka uliofuata kila upande ukamdai kodi nzima ya ufundi wake, kama mkazi. Dawa ilikuwa moja tu: athibitishe anakaa wapi. Huko angelipa yote. Kwingine angelipa kidogo, kama fundi mpita njia. Akishindwa hadi mwisho wa mwezi, hana budi kufunga karakana moja, na nyumba moja italala njaa.

Mwingine angelia. Sounhadj akapata hamu. Miaka hamsini na minne duniani, na hajawahi kujiuliza anakaa wapi!

Akabeba daftari mpaka ofisi ya kodi Moroni, kwa karani aitwaye Nasrine, binti wa umri wa wanawe.

"Ni rahisi, baba," Nasrine akasema. "Unakaa pale unapolala zaidi ya nusu ya mwaka."

Sounhadj akafungua daftari kwa fahari. Alihesabu kwa mwezi mwandamo, siku mia tatu hamsini na nne. Magoudjou mia na sabini na saba. Mutsamudu mia na sabini na saba.

"Na usiku wa melini?"

"Wa kwenda nimempa huyu, wa kurudi nimempa yule."

Nasrine alicheka mpaka akavua miwani. "Baba, umefanya uadilifu mpaka umekosa makazi! Haya, chukua fomu hii. Mwenye nyumba atie saini kwamba unakaa kwake."

Moinaidi hakungoja maelezo. Alitia saini amesimama, sufuria iko motoni. Lakini Sounhadj hakuwa mtu wa kuficha, na juma lililofuata, huko Mutsamudu, akamwonyesha Kamaria. Kamaria akaisoma fomu, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Baba Chaïma," akasema, "kama kwangu wewe ni mpita njia, basi pita."

Sounhadj akaichana fomu hapo hapo. Kisha akarudi Moroni kwa Nasrine kuomba nyingine, maji yamemfika shingoni.

"Mwanamume akitoka kwa wake zake," Nasrine akauliza, "sanduku hulipeleka wapi?"

"Kwa mama," akajibu, akajishangaa. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, lakini nyumba ipo, Ntsoudjini, hapo hapo kaskazini ya mji, mikononi mwa dada yake mkubwa, Mariamou. Wake zake wasingekuwa na la kusema. Akaenda siku hiyo hiyo, moyo mweupe.

Mariamou alikisikiliza kisa chote akicheka. "Saini utapata, ndugu yangu. Lakini nionyeshe kwanza hilo daftari."

Akalipekua, akitania kila ukurasa. Kisha kicheko kikaisha.

"Hapa ni Rajabu," akasema. "Mama alikuwa kitandani wiki tatu. Wewe umeandika Magoudjou, Magoudjou, Magoudjou."

"Nilikuja mchana, dada. Nilileta dawa."

"Ulikuja, ukanywa chai, ukaenda. Kutoka Magoudjou ni teksi moja tu. Kila usiku Mama alinikataza kutia komeo mlangoni, akisema huenda ukaja."

Zamu ilikuwa ya Moinaidi. Hilo lilikuwa kweli, naye alilijua, na halikumfaa kitu. Sounhadj akalivuta daftari, akatafuta neno Ntsoudjini, asilione. Aliona aibu iliyomchoma, kwani katika uadilifu wake wote mama yake hakupewa hata usiku mmoja.

Mariamou akavuta fomu. Akaandika jina lake, la kijiji, la ndugu yake, akatia saini. Pale palipoulizwa mkazi huyu anakaa hapa tangu lini, akapaacha wazi, akamsogezea kalamu.

"Hapo," akasema, "jaza mwenyewe."